Nani alifika kwanza? Namna ya kuandaa mdahalo wa wapelelezi usiogeuka kelele

Mdahalo wa "Nani aligundua Amerika?" huwa umeharibika kabla mwenyekiti hajagonga meza. Upande mmoja unasema Columbus, mwaka 1492. Upande wa pili unasema wenyeji walikuwapo. Dakika kumi zinapita, wote wamesema kweli, na hakuna aliyemjibu mwenzake. Kosa si la wanafunzi, ni la aliyeandika mada. Mwongozo huu ni wa walimu na viongozi wa klabu za historia hapa Bagamoyo, na sehemu kubwa inahusu kazi ya kabla ya siku yenyewe. Mada ikikaa sawa, mdahalo unajiendesha.

Anzia kwenye neno "bara"

Mwanafunzi wa pwani ana mtaji ambao wenzake wa kwingine hawana. Kwetu bara ni nchi kavu ikitazamwa kutoka kisiwani, na tena bara ni huko ndani, njia ya misafara ya Ujiji. Kitabuni bara ni Afrika nzima au Asia nzima. Uliza darasani: mtu aliyeshuka Unguja, akala, akalala, akarudi kwao bila kuvuka maji kuja huku, amefika Afrika au hajafika? Darasa litagawanyika palepale. Waache wabishane dakika tano, halafu fungua ramani.

Tarehe 12 Oktoba 1492 Columbus alishuka Guanahani, kisiwa kimoja cha Bahama. Nchi kavu ya Amerika ya Kusini aliifikia Agosti 1498, kwenye rasi ya Paria, Venezuela ya leo. Katikati hapo, Juni 1497, John Cabot, baharia aliyetumwa na Uingereza, alikuwa ameshafika upande wa kaskazini, na wengi wanaamini ni Newfoundland, Kanada ya leo, ambayo nayo ni kisiwa. Waviking, mabaharia wa kale wa kaskazini mwa Ulaya, waliojenga makazi ya L'Anse aux Meadows, walijenga hukohuko Newfoundland. Ukiandika "bara" kwenye mada bila kusema kama visiwa vya karibu vinahesabiwa, umewapa wapinzani mlango wa nyuma, na watautumia.

Kisha chagua kitendo. Kiswahili kimetuwekea maneno tayari: kuona, kutua, kukanyaga, kukaa, kutambua, kutangaza. Kila moja lina mshindi wake. Katika simulizi za kale za Waviking wa Greenland, Bjarni Herjólfsson alipotezwa na upepo akaiona nchi ya magharibi, asishuke. Leif Erikson ndiye aliyekuja kushuka. Columbus alikanyaga visiwa vya Amerika, lakini mpaka kufa kwake mwaka 1506 alishikilia kwamba amefika Asia. Aliyetambuliwa kuwa alisema hii ni nchi mpya ni Amerigo Vespucci, na mchora ramani wa mwaka 1507 akaliandika jina lake juu ya nchi. Kwa hiyo Bjarni ana kuona, Leif ana kukanyaga, Vespucci ana kutambua. "Kugundua" na "kuvumbua" yaacheni nje ya mada. Ni maneno yanayotaka kumeza vitendo vyote kwa mpigo.

La tatu ni "kwanza". Wa kwanza kati ya nani? Nyayo za watu zilizokutwa White Sands, New Mexico, zilitangazwa mwaka 2021 kuwa na umri wa miaka 21,000 hadi 23,000. Wapo waliotilia shaka kipimo cha mbegu kilichotumika, vikapimwa vitu vingine, na majibu ya mwaka 2023 yakaangukia humohumo. Hata ukikataa nyayo hizo, Monte Verde kule Chile inakupa zaidi ya miaka 14,000. Hakuna baharia atakayeshindana na hapo. Mada isemwe wazi kwamba inawazungumzia waliotoka upande fulani: Ulaya, Afrika, Asia, visiwa vya Pasifiki.

Kwa hiyo badala ya "Columbus aligundua Amerika", ubaoni kiandikwe kitu kama hiki: "Kati ya watu waliovuka Atlantiki, Waviking ndio wa kwanza kukanyaga Amerika, visiwa vya jirani vikihesabiwa." Ni ndefu, ndiyo. Mada fupi huleta mdahalo mrefu.

Pasheni moto na ziwa la kwetu

Wiki mbili kabla, fanyeni zoezi dogo la nusu saa kwa mfano wa karibu. Burton na Speke, wasafiri wa Kiingereza, waliondokea Kaole, kilomita chache kusini mwa mji, Juni 1857. Tarehe 3 Agosti 1858 Speke akaliona Ziwa Nyanza (Viktoria), na Sidi Mubarak Bombay, Mwafrika wa msafara wake, alikuwa naye safarini. Andika majina na makundi matano: watu wa kando ya ziwa, wafanyabiashara wa Kazeh (Tabora ya leo) waliompa habari zake, wamisionari wa Rabai ambao ramani yao ya mwaka 1856 ilikwisha kuonyesha ziwa kubwa katikati ya Afrika Mashariki, Bombay, na Speke. Wanafunzi wampe kila mmoja kitendo chake. Speke akibaki na kitu, ni vipimo: alikadiria kimo cha ziwa kutoka usawa wa bahari kwa kupima joto la maji yanayochemka.

Msiwafiche pia kwamba Burton na Speke walipangiwa kukabiliana hadharani mjini Bath, Uingereza, tarehe 16 Septemba 1864, kuhusu chanzo cha Nile. Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake jana yake, na mdahalo haukufanyika.

Kadi za ushahidi

Kila karatasi ya manila ikatwe vipande 16. Kila upande upewe vipande 12, si zaidi. Wakipewa 30 watasoma mpaka jioni. Mbele ya kadi liandikwe jambo moja tu kwa sentensi moja. Nyuma yajibiwe maswali matatu: nani alisema au nini kilikutwa, lini, na kinathibitisha kitendo kipi. Kadi isiyo na kitendo nyuma yake hairuhusiwi mezani.

Swali hilo la tatu ndilo linalochuja. Chukua habari ya Mali. Mansa Musa, mfalme wa Mali, alipopita Cairo mwaka 1324 alisimulia kwamba mfalme aliyemtangulia alipeleka baharini vyombo 200 vya watu na vingine kama hivyo vya dhahabu, maji na chakula. Chombo kimoja tu kikarudi. Mfalme akaandaa vyombo 2,000, akaingia mwenyewe, asionekane tena. Al-Umari, mwandishi Mwarabu wa karne hiyohiyo, aliyaandika hayo. Ni kadi nzuri sana, ila nyuma yake panaandikwa "kuondoka". Hakuna mahali simulizi hiyo inaposema walifika. Mwanafunzi akiigeuza kuwa "Waafrika walifika Amerika kabla ya Columbus", mpinzani aliyejiandaa atamwomba asome nyuma ya kadi yake kwa sauti. Vivyo hivyo kwa Zheng He, mkuu wa msafara wa meli za China: safari zake saba kati ya 1405 na 1433 zina maandishi, zilifika mpaka pwani yetu ya Afrika Mashariki, na Malindi ilipeleka twiga China mwaka 1415. Dai la kwamba meli zake zilizunguka mpaka Amerika halina kumbukumbu ya kulibeba.

Sasa linganisha na kadi ya L'Anse aux Meadows. Helge na Anne Stine Ingstad, watafiti wa Norwei, waliyafikia magofu hayo mwaka 1960. Mwaka 2021 watafiti walichukua vipande vya mbao vilivyokatwa kwa chuma na bado vina ukingo wa gome. Mwaka 993 dhoruba ya jua iliacha alama ya kaboni kwenye duara la mwaka huo ndani ya miti ya dunia nzima. Wakalitafuta duara hilo kwenye mbao, wakahesabu kuelekea nje mpaka kwenye gome: maduara 28. 993 jumlisha 28 ni 1021. Mti ulikatwa mwaka huo, na chuma kilikuwa mkononi mwa mtu. Hakuna "huenda" hapo, na mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuihesabu ubaoni.

Ukitaka waione kwa macho, tafuta kisiki cha mtiki kwa fundi seremala. Kisiki cha mwembe hakifai. Miti yetu mingi ya joto haiweki duara la wazi kila mwaka, na utaishia kubishana na darasa kuhusu mwembe.

Kuna kadi za aina ya tatu: kilichobaki shambani na mwilini. Kiazi kitamu asili yake ni Amerika, lakini wakulima wa visiwa vya Polinesia, katika Pasifiki, walikuwa nacho kabla Columbus hajazaliwa, na jina lake huko, kumara, linafanana na la baadhi ya lugha za Andes. Mwaka 2020 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha watu wa pande hizo mbili walichanganya damu karibu mwaka 1200. Wapo wanaoshikilia kwamba kiazi chenyewe kilielea peke yake, kwa hiyo kadi ya vinasaba ina nguvu kuliko ya kiazi. Ila haisemi nani alimfuata mwenzake. Hilo nalo liandikwe nyuma.

Nyaraka za kughushi zipo. Ramani iitwayo ya Vinland, iliyosemwa kuwa ya karne ya 15, ilitangazwa na Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2021 kuwa bandia. Wino wake una rangi ya titani iliyoanza kutengenezwa karne ya 20.

Kwa wanaoanza, Antaktika kabla ya Amerika

Walimu wengi hukimbilia Amerika kwa sababu imo kitabuni. Kwa klabu changa, Antaktika ni bora. Haina wenyeji, kwa hiyo ubishi wote unabaki kwenye vitendo na tarehe. Nahodha James Cook wa Uingereza aliizunguka, akafika nyuzi 71 kusini Januari 1774, asione nchi. Kisha mwaka 1820 watu watatu wanabanana. Bellingshausen wa Urusi aliona ukingo wa barafu kwenye nyuzi 69 dakika 21 kusini, tarehe 16 Januari kwa kalenda yake. Bransfield wa Uingereza aliona milima ya rasi ya Trinity tarehe 30 Januari. Palmer wa Marekani akaja Novemba.

Hapa ndipo kalenda inapouma. Urusi ilitumia kalenda ya Juliasi. Kwa tarehe za karne ya 19 ongeza siku 12, karne ya 18 ongeza 11, karne ya 16 na 17 ongeza 10, na kwa safari ya 1492 ongeza 9. Januari 16 inakuwa 28. Zile siku 14 zilizokuwa kati ya Mrusi na Mwingereza zimebaki mbili. Utakuta na vitabu vyenye tarehe 27. Usipoteze dakika hapo, maana zote ziko kabla ya 30. Wanafunzi wetu hawasumbuki na jambo hili kama unavyodhani: nyumbani wanajua kuwa usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, siku ikianza jua linapotua.

Ubishi wenye nyama ni mwingine. Bellingshausen aliona barafu iliyoshikamana na bara lakini inaelea baharini. Bransfield aliona milima ya bara lenyewe. Je, barafu ni bara? Mrusi anashinda kwa jibu moja, Mwingereza kwa jingine. Mwenyekiti asilijibu swali hilo, wazungumzaji ndio wenye kazi hiyo.

Kukanyaga nako kuna vituko. Nahodha John Davis, mwinda sili wa Marekani, alishusha watu tarehe 7 Februari 1821, na daftari lake la safari lilikuja kujulikana karne ya 20. Bado hawakubaliani kama walishuka bara au kisiwa cha karibu. Tarehe 24 Januari 1895 mashua ya meli Antarctic ilifika Cape Adare, na watu watatu wa mashua moja wakadai kila mmoja ndiye wa kwanza: nahodha Kristensen, Borchgrevink aliyesema aliruka kando, na kijana Tunzelmann wa New Zealand aliyesema alishuka kushikilia mashua ili nahodha ateremke. Yeyote aliyeteremka kwenye mashua hapa ufukweni maji yakiwa yamekupwa anaijua picha hiyo: kijana hutangulia kuingia maji ya magoti. Waulizeni sasa, maji ya magoti ni kukanyaga nchi?

Zoezi la ufukweni: kuona ni umbali gani?

Hili lifanyike asubuhi ya anga safi. Kanuni ni fupi: chukua urefu wa jicho kutoka usawa wa maji kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 3.57. Unapata kilomita mpaka upeo wa macho. Mwanafunzi aliyesimama kwenye mchanga ulio sawa na maji, jicho likiwa mita 1.7, anaona kilomita 4.6 hivi. Ncha ya tanga la mashua iliyo mita 9 juu inaongeza 10.7. Kwa hiyo mashua inayokwenda Unguja itapoteza kwanza ubavu, kisha foromali, boriti inayobeba tanga, itaonekana kama inatembea juu ya maji, na karibu kilomita 15 imezama yote. Mpeni mmoja darubini ili asisingizie macho.

Rudini darasani mfanye hesabu ya meli. Mtu juu ya mlingoti, mita 20, na mlima wa mita 1,000: kilomita 16 na 113, jumla 129. Mtu anaweza kuona bara akiwa mbali zaidi ya mara mbili ya umbali wa Bagamoyo mpaka Unguja. Ukingo wa barafu wa mita 30 hauonekani zaidi ya kilomita 36 kutoka juu ya mlingoti huohuo. Baada ya hapo neno "aliona" halisemwi ovyo tena.

Siku ya mdahalo

Jumla dakika 80, watu 30 hadi 45. Ufunguzi na kusoma mada pamoja na maana za maneno, dakika 8. Wazungumzaji wakuu watatu kila upande, dakika 4 kila mmoja, ni 24. Mapumziko ya kupanga majibu, 5. Wachangiaji kutoka ukumbini, 25, kila mmoja dakika moja na nusu. Majumuisho, 4 kwa kila upande. Majaji, 10. Mtunza muda awe na kengele na asiwe na rafiki. "Taarifa, mheshimiwa mwenyekiti!" iruhusiwe mara moja kwa kila mzungumzaji, sekunde 20, na lazima itaje kadi. Bila sharti hilo mtapata Bunge.

Alama 30: ushahidi 12, kujibu upinzani 8, kushikamana na maana za mada 6, ufasaha 4. Ufasaha ukipewa 10, mwenye sauti nzuri atashinda bila kadi hata moja. Pigeni kura ya mikono mara mbili, mwanzo na mwisho. Upande uliowahamisha wengi ndio umeshinda ukumbi, hata kama majaji wamesema vingine.

Yanayoharibika mara nyingi ni haya. Mzungumzaji wa kwanza anatoa maana mpya ya "kufika" katikati ya hotuba, na mwenyekiti anamwachia. Amkatishe palepale. Upande mmoja unageuza mjadala kuwa wa ubaya wa Columbus. Ni mada halali ya siku nyingine, kwa sababu mtu mbaya anaweza kuwa wa kwanza. Na fedha zinasahaulika. Atakayeiona nchi kwanza mwaka 1492 aliahidiwa maravedi 10,000, fedha ya Hispania ya wakati huo, kila mwaka. Rodrigo de Triana aliiona saa nane za usiku kuamkia tarehe 12. Columbus akasema yeye aliona mwanga saa nne za usiku huohuo, na fedha akazichukua yeye. Kila dai la "mimi kwanza" liulizwe lililipwa nini.

Mtihani wa mwisho: sarafu za Kilwa

Hii iwekeni mwisho wa muhula, kwa sababu kila mtu ukumbini atataka iwe kweli. Mwaka 1944 askari wa rada wa Australia aliokota sarafu tisa kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Nne zilikuwa za Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki, moja ikiwa na mwaka 1690. Tano zilikuwa za shaba, za masultani wa Kilwa, zenye umri wa karne nyingi.

Mada itakayojitokeza yenyewe ni "Waswahili walifika Australia kabla ya Wazungu." Wapeni waungaji mkono siku tatu na kadi zao 12, kisha waulizeni nyuma ya kadi ya sarafu panaandikwa kitendo kipi. Sarafu za Kilwa zina majina, hazina mwaka. Zinathibitisha kwamba shaba ya Kilwa ilifika. Hazisemi iliondoka Kilwa mkononi mwa nani. Kama zote tisa ziliangushwa pamoja, haikuwa kabla ya mwaka 1690, na Janszoon, Mholanzi, alikuwa ameshatua kaskazini mwa Australia mwaka 1606. Kama hazikuangushwa pamoja, upande wa Kilwa unapumua tena. Lakini sarafu zilikaa kwa aliyeziokota mpaka mwaka 1979 ndipo zikapelekwa kutambuliwa, na mahali penyewe palibaki kuwa alama kwenye ramani.

Upande wa kuunga mkono wenye akili utabadilisha mada kabla ya siku: "Biashara ya Bahari ya Hindi iliifikisha fedha ya Kilwa Australia." Mwenyekiti akubali badiliko hilo, mradi liletwe kwa maandishi siku tatu kabla. Likiletwa asubuhi ya mdahalo, akatae.